Makofi ya Watu Wengine

Tulimzika Elibariki mwezi uliopita, huko juu kwenye migomba ya baba yake, na tangu siku hiyo sijapendekeza albamu hata moja. Watu wa kikundi chetu cha simu wameshangaa. Kila Ijumaa asubuhi, kwa miaka sasa, nimekuwa nikiwaandikia kuhusu albamu moja ya roki iliyorekodiwa laivu, jukwaani, mbele ya watu: ina nini ndani, uanzie wapi kuisikiliza, uruke wapi, na kama inastahili kumaliza bando lako. Wengi wao ni vijana wa hapahapa Arusha. Wananiita Mama Laivu, na wananitania kwamba bibi mzima wa Sokon One, mwenye vidonge vya presha kwenye pochi, anasikiliza magitaa ya kelele kuliko wajukuu zake. Nawaacha waseme. Sasa Ijumaa ile baada ya mazishi, Upendo, binti wa Elibariki, akaweka kwenye kikundi kanda ya baba yake, ameihamishia kwenye simu, na chini yake akaandika: "Shikamoo Mama Laivu. Hii ndiyo ile ya Kimandolu. Baba alikuwa anaisikiliza kila Jumapili akitoka kanisani. Tunaomba utuandikie maoni yako." Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai, nikakiweka chini. Maoni yangu kuhusu kanda ile niliyaandika zamani, nikiwa na miaka ishirini, na yalikuwa uongo mtupu.

Mwaka ule nilikuwa nafanya kazi kwenye chumba cha kurekodia kanda pale Kijenge, nyuma ya duka la vitambaa. Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, na kilinuka spiriti tuliyokuwa tunasafishia vichwa vya deki kwa pamba. Palikuwa na deki mbili, mashine ya santuri, na rafu mpaka darini. Mteja alikuja na kanda yake tupu, akachagua muziki, akarudi kesho yake kuchukua. Mwenye chumba alikuwa Mzee Kombo, mtu wa Tanga aliyeletwa Arusha na kazi za reli na akasahau kuondoka, na hakuwa na haraka ya kitu chochote duniani isipokuwa chakula cha mchana. Saa sita ikigonga anaweka gazeti mezani, tunakula chapati na maharage, na hakuna mteja anayehudumiwa hata aje mkuu wa mkoa. Watu walitaka dansi, kwaya, rege. Rafu ya juu kabisa ilikuwa na santuri zilizoachwa na Wazungu wa mradi fulani waliorudi kwao, karibu zote roki, na nyingi zilirekodiwa laivu. Hakuna aliyezigusa. "Binti," Mzee Kombo akaniambia siku moja akitafuna, "vitu vile vya juu vinakula vumbi tu. Visikilize, uniambie kama vina maana, au tuvifunikie ndoo za maji."

Nikavisikiliza. Mwanzoni vilinichosha, sikatai. Ila nilipofika santuri ya nne au ya tano nikagundua kwamba kinachonishika si magitaa, ni watu. Kabla wimbo haujaanza unasikia uwanja mzima unapumua. Mtu anaita jina la mpiga ngoma. Mwimbaji anakosea mstari na watu wanamsaidia. Nikanunua daftari, nikalitoboa, nikalifunga kamba na kulining'iniza dirishani, na humo nikaanza kuandika maoni ya kila albamu ili wateja wasome wakisubiri. Sifa yangu ya juu kabisa ilikuwa maneno matatu: "Kanda ina watu." Tusi langu kubwa lilikuwa "Haina watu." Na kwenye jalada niliandika kwa wino mwekundu kwamba sipendekezi kitu ambacho sijakisikiliza mpaka mwisho. Nilikuwa na majivuno, lakini nilikuwa mkweli. Watu walianza kuja kusoma daftari tu. Walimu walikuja, na madereva wa watalii, na wanafunzi waliotoroka vipindi, na rafu ya juu ikaanza kupungua vumbi. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha ya namna ile tena kazini.

Elibariki aliingia akiwa amekasirika. Alikuwa amesoma maoni yangu ya albamu moja, nilipoandika kwamba mpiga gitaa anajisikiliza mwenyewe kuliko anavyowasikiliza wenzake, na akasimama mlangoni na kuuliza nani ameandika upuuzi huu. Mzee Kombo akanyoosha kidole kwangu bila kuinua macho. Tulibishana mpaka chapati zikaisha. Baada ya hapo alikuwa anakuja kila siku. Alikuwa Mmeru wa juu mlimani, mtoto wa mkulima wa kahawa ambaye pia alikuwa mzee wa kanisa, na alikuwa amefukuzwa nyumbani. Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Kahawa imeiva, nyekundu tupu mitini, na yeye siku mbili hayupo, ameshuka mjini kufanya mazoezi na bendi yake ya watu watatu, na huko nyuma kahawa ya upande mzima ikadondoka na kuoza kwa kuwa mzee alikuwa mgonjwa wa mgongo na hakuwa na mikono mingine. Baba yake alimwambia asikanyage tena pale, mlango umefungwa. Elibariki akahamia kwenye chumba cha mwenzake Kijenge na gitaa lake la umeme. Aliisimulia habari hiyo kama mzaha, lakini niliona jinsi alivyokuwa akikwepa kuangalia upande wa mlima.

Dada yake, Ndeshi, alikuwa anashuka kila Alhamisi na ndizi za sokoni, na kabla hajarudi alipita kwetu na kindoo cha loshoro, ule uji wa mahindi na maziwa mgando, kwa ajili ya kaka yake. Nilikuwa nageuza kanda huku nawasikia nyuma ya pazia. "Unakonda," anamwambia. "Ndiyo usanii," anajibu. Kisha kijiko kinagonga kindoo, halafu swali lilelile kila wiki: "Mzee anasemaje?" Na jibu lilelile: "Hajasema." Alhamisi moja Ndeshi akachoka na jibu hilo, akamwambia kwamba baba anamwita, apande Jumapili. Elibariki akanyoa, akaazima shati la Mzee Kombo, akapanda. Mzee alitoka nje na fimbo yake, akamuuliza mbele ya majirani waliokuwa wanatoka ibadani: "Nani amekuita?" Hakuna aliyemwita. Ndeshi alikuwa ameyabuni, akidhani wakionana uso kwa uso damu itawasuluhisha. Elibariki alirudi na matope mpaka magotini, akavua shati la watu taratibu, akalikunja, akasema kwamba kuanzia siku ile hataamini neno la Ndeshi mpaka alisikie kwa masikio yake mwenyewe. Wala hakupandisha sauti.

Baadaye mwaka uleule bendi yao ikapata nafasi ya kupiga kwenye ukumbi mmoja Kimandolu. Mwinjilisti wa mtaa alikuwa kijana mwenye moyo mkubwa, akatangaza kanisani kwamba vijana wetu watapiga nyimbo zao wenyewe Jumamosi alasiri, wazazi waje. Na wakaja. Sikuwa nimetegemea. Akina mama wa mlimani na khanga zao safi, wazee na makoti, watoto mbele sakafuni, mabenchi yakajaa. Mimi niliweka meza ya kinasa sauti nyuma kabisa karibu na mlango, maiki imesimama juu ya biblia kubwa ya ukumbi kwa kuwa sikuwa na kitu kingine cha kuinulia, nikabonyeza kitufe, kisha nikaenda mbele kushikilia waya wa spika uliokuwa unakatika. Tulikuwa na ndoto: hii ingekuwa albamu ya kwanza ya roki kurekodiwa laivu Arusha, na mimi ndiye ningeipendekeza kwa ulimwengu.

Elibariki alipiga macho yamefumbwa, kuanzia wimbo wa kwanza mpaka wa tano. Alipiga vizuri kuliko nilivyowahi kumsikia. Wimbo wa kwanza ukaisha, na watu wakakaa kimya. Mikono juu ya magoti. Mtu akaburuta benchi, mtoto akauliza kitu, akanyamazishwa. Wimbo wa pili, hivyohivyo. Hapa ndipo lilipo kosa langu, na ni kosa la kijinga, maana nilikuwa naishi nao na nilipaswa kujua. Watu wale hupiga makofi wanapoambiwa. Kwaya ikimaliza, anasimama mtu na kusema tuwapigie makofi matatu, na wanapiga matatu kamili, tena kwa moyo. Siku ile mwinjilisti aliitwa kwa mgonjwa katikati ya wimbo wa kwanza, na hakuna mwingine aliyesimama kuwaambia. Kwa hiyo walikaa kama wanavyokaa baada ya somo kusomwa. Walikuwa wanasikiliza, na hakuna aliyetoka mpaka mwisho. Walipoondoka walipita mbele mmoja mmoja kumshika mkono Elibariki, na yeye aliinamisha kichwa, hakumtambua hata aliyempa mkono. Mimi, mwenye daftari la kujua watu, niliona aibu kwa niaba yao. Nilidhani tumeshindwa.

Jumatatu nikaisikiliza kanda. Nyimbo zilikuwa safi ajabu. Katikati yake palikuwa na ule utupu, kikohozi, mvua kidogo kwenye mabati. Baada ya wimbo wa nne, karibu kabisa na maiki, mzee mmoja alikohoa, kisha akasema maneno machache kwa Kimeru, taratibu, sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Kimeru mimi nilijua salamu tu. Nikadhani analalamika kuhusu kelele. Nikarudisha nyuma nikasikia tena, nikasema moyoni, mzee umetuharibia. Halafu nikashusha santuri moja ya rafu ya juu, ya bendi iliyorekodiwa kwenye uwanja wa mpira huko Ulaya, na sehemu zote nne za ukimya nikazibandika makofi ya uwanja ule, palepale juu ya kanda ya asili, kwa kuwa kanda tupu zilikuwa adimu siku hizo na niliuamini mkono wangu. Kazi ilikuwa safi. Mzee Kombo alisikiliza dakika mbili, jamaa mmoja wa uwanjani akapiga mluzi mrefu, na Mzee Kombo akaniangalia juu ya miwani. "Zaituni," akasema, "Mmeru gani huyo?" Nikacheka. Yeye hakucheka, akarudi kwenye gazeti lake.

Elibariki alipoisikia alikaa chini sakafuni. "Mbona sikusikia haya yote?" akauliza. Nikamwambia maiki ilikuwa nyuma kwa watu, na yeye alikuwa mbele kwenye spika, macho yamefumbwa, angesikiaje. Nadhani alitaka sana kuamini, na mimi nilitaka sana aamini, na baina yetu hakukuwa na mtu wa tatu wa kusema kitu. Alasiri ile nikaandika kwenye daftari maoni marefu kuliko yote niliyowahi kuandika. Nilianza kwa maneno yangu matatu: "Kanda ina watu."

Alhamisi Ndeshi akaja mbio, hata kindoo hakubeba. Nilikuwa ndani, wao nje kwenye kizingiti. Alimwambia kwamba baba alikuja Kimandolu. Alisimama nyuma karibu na mlango, kofia mkononi, yeye Ndeshi pembeni yake, na baada ya wimbo wa nne alikohoa akasema: huyu akirudi nyumbani asifungiwe mlango. "Kasema hivyo, Elibariki. Panda. Mgongo umemzidi, hatoki kitandani tangu Jumapili." Elibariki akamwambia, umeanza tena. Ndeshi akaapa. Akasema kulikuwa na meza pale, kulikuwa na kinasa sauti, kama huniamini mimi kasikilize kanda. Alipoondoka, Elibariki aliingia ndani akasimama mbele yangu. Sikuwahi kumwona na uso ule, ulikuwa uso wa mtoto. "Zai, wewe unasikiliza mpaka mwisho," akasema. "Baada ya wimbo wa nne. Kabla hujaisafisha, kulikuwa na sauti ya mzee?"

Nilisikia kile kikohozi waziwazi kichwani. Ilikuwa ni kufungua mdomo tu na kusema ndiyo, ilikuwepo, nimeifuta mimi, na makofi nimeyabandika mimi, panda sasa hivi. Lakini ningesema hivyo, albamu yetu isingekuwepo, daftari langu lingekuwa takataka, na yeye angejua kwamba hakuna mtu aliyempigia makofi. Nilijiambia namhurumia. Sikumhurumia, nilijihurumia mimi. Nikasema, "Hakuna kitu pale. Ni makofi tu." Akaitikia kwa kichwa mara mbili, akatoka, na hakupanda.

Mzee wake alifariki wiki tatu baadaye. Elibariki alipanda kuzika, akapita kwenye mlango ule ukiwa wazi kwa ajili ya kila mtu, na mbele ya shangazi zake alimwambia Ndeshi asimsemeshe. Mimi nilikuwepo, nimeshika sahani ya wali, nikaukodolea macho. Hakupiga gitaa tena. Alijifunza umeme wa magari, akaoa, akaishi vizuri tu kwa namna ya mtu asiyeuliza maswali. Tuliendelea kuwa marafiki na hilo ndilo lililonitesa zaidi. Alinialika kwenye ubatizo wa Upendo, na Ndeshi alikaa meza ya mwisho kama mgeni. Kila mwaka nilisema mwaka huu nitamwambia. Nilipendekeza mamia ya albamu kwa watu nisiowajua, niliwafundisha vijana kutambua makofi ya kubandika kwenye kanda za watu, wakaniona mjuzi.

Kwa hiyo juzi nilikwenda Kimandolu kwa Ndeshi. Alikuwa jikoni anamenya ndizi za mtori, akanivutia kigoda, akaniuliza hali ya presha. Nikamwambia yote bila kupumzika, tangu biblia chini ya maiki mpaka lile neno "makofi tu". Kisu kiliendelea kumenya kwa muda. Kisha kikasimama.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Unajua Elibariki aliniambia nini hospitalini, wiki yake ya mwisho?" Alikuwa anaangalia ndizi mkononi mwake. "Alinishika mkono, akasema, Ndeshi, nimekusamehe ule uongo wa Kimandolu. Na mimi nikamwambia asante. Nimeshukuru, Zaituni. Nilikuwa nimechoka, nikasema asante."

Niliomba msamaha, na ulisikika mdogo mno jikoni mle. Hakusema amenisamehe wala hakusema hajanisamehe. Aliosha mikono, akanipakulia mtori, akaweka bakuli mbele yangu, naye hakupakua.

"Wewe ulimsikia baba," akasema baadaye. "Mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Alianzaje?"

"Alikohoa kwanza."

"Ee," akasema. "Alikuwa anakohoa kwanza." Akageukia dirisha, akajifuta uso kwa upande wa khanga. Kisha akaniambia niandike, Ijumaa, siku yangu, wakati watu wote wanasoma, na jina lake nilitaje wazi.

Leo ni Ijumaa. Nimewaandikia hivi: Upendo ameomba maoni kuhusu kanda ya Kimandolu. Nyimbo zake tano ni nzuri, sikilizeni zote, baba yake alikuwa mpigaji wa kweli. Makofi mnayoyasikia si ya watu wetu, niliyaiba mimi, na maoni niliyoyaandika zamani yafuteni. Watu wetu walikaa kimya, hawakutoka hata mmoja, na ndio waliostahili kusikika. Baada ya wimbo wa nne, pale jamaa anapopiga mluzi, palikuwa na sauti ya babu yako, Upendo. Alisema mwanawe akirudi nyumbani asifungiwe mlango. Shangazi yako Ndeshi aliyapeleka maneno hayo kama yalivyosemwa, hakuongeza, hakupunguza. Baba yako alikuja kuniuliza, na mimi nikamwambia ni makofi tu.